Mbuni wa Oldeani

Kiswahili kina mbuni huyu na mbuni huu. Mbuni huyu ana manyoya, shingo ndefu na mbio za kumshinda farasi. Mbuni huu hauna mbio. Una mizizi, majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na matunda ambayo punje zake ndizo buni, kahawa yenyewe. Si sehemu nyingi ambako mtu anaweza kukutana na wote wawili kwa siku moja bila kuhangaika. Ngorongoro ni mojawapo: asubuhi amkute mmoja akidonoa nyasi kwenye sakafu ya kreta, na jua likipinduka awe amesimama kando ya mwingine kwenye miteremko ya mlima Oldeani, upande wa Karatu.

Yule wa manyoya ni mwenyeji tangu enzi. Huu wa mizizi uliletwa, na bado unakaribia tu kutimiza miaka mia moja pale. Lakini ndio uliochora upya ramani ya Karatu. Kwa ajili yake miti mikubwa ilikatwa, watu wakahamishwa, vibarua wakaletwa kutoka mbali, na mpaka ukawekwa ambao mpaka leo unaonekana kwa macho: huku mistari ya mibuni iliyonyooka kama uzi, kule ukuta wa msitu wenye kuvumwani zinazoning'inia matawini. Katikati pana njia ya udongo mwekundu, na juu ya udongo huo, asubuhi nyingi, kwato za nyati.

Jina Oldeani ni la Kimaasai, nalo linataja mianzi inayoota juu ya mlima huo, ambao kilele chake kinapita mita 3,000. Chini ya mianzi kuna msitu mzito wa nyanda za juu: mikenge, mizeituni mwitu, na miti mingine mirefu inayokamata mawingu yanayopanda kutoka mashariki. Chini zaidi, kati ya mita 1,500 na 1,900 hivi, ndipo kahawa inapoanza. Mtu anayepita kwa gari huona vitu viwili tofauti, pori na shamba. Mtaalamu wa mimea angeona kitu kimoja kilichokatwa katikati, kwa sababu mbuni wenyewe ni mti wa msituni.

Kwao ni kusini-magharibi mwa Ethiopia, katika misitu ya mvua ya Kaffa na majirani zake, na umepatikana pia ukiota mwitu kwenye uwanda wa Boma huko Sudan Kusini na katika msitu wa mlima Marsabit, Kenya. Huko haushindani na miti mikubwa. Unakaa chini yake, kwenye mwanga uliochujwa na matawi, miguu yake ikiwa ndani ya majani makavu yanayooza taratibu. Kila kanuni ya utunzaji wa kahawa ambayo bwana shamba anawafundisha wakulima leo, iwe kivuli, matandazo, samadi au kukinga upepo, kimsingi ni jaribio la kuiga hali ile ya Kaffa kwa jembe na panga.

Safari yake mpaka Karatu ilikuwa ya kuzunguka. Kutoka Ethiopia ulivuka bahari kwenda Yemen. Mwaka 1715 Wafaransa waliuchukua Yemen wakaupanda kwenye kisiwa chao cha Bourbon, ambacho siku hizi kinaitwa Réunion, na aina hiyo ikabeba jina la kisiwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ndio walioipeleka Bourbon Tanzania Bara, na mwaka 1898 wenzao wa Kilema walikuwa wameshaipanda kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mti uliotoka Ethiopia, nchi isiyo mbali, ulifika kwa kuzunguka Uarabuni na Bahari ya Hindi. (Wahaya wa Bukoba hawakungoja mtu yeyote: walikuwa na kahawa yao ya robusta tangu kale, wakiichemsha, wakiikausha na kuitafuna, na kumkaribisha nayo mgeni.)

Wakati Kilema ikipanda miche yake, Karatu ilikuwa eneo la malisho lililokuwa likipumua baada ya msiba. Sotoka, ugonjwa wa mifugo uliovuka Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulikuwa umefyeka ng'ombe wa Wamaasai. Mwaustria Oscar Baumann alipoingia kwenye kreta ya Ngorongoro mwezi Machi 1892, alikuta watu waliodhoofika kwa njaa. Wamaasai walipopungua nguvu, Wairaqw walianza kutoka kwenye vilima vyao vilivyojazana watu kusini mwa Mbulu, wakasogea kaskazini polepole, familia kwa familia, hadi kufika Karatu.

Wairaqw hao hawakuwa wageni wa kazi ya udongo. Huko walikotoka, walikokuwa wakijenga nyumba zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima ili adui asizione kwa mbali, walilaza ng'ombe ndani na samadi ikabebwa kila msimu kwenda shambani. Kilimo chao cha miteremko kimewavutia watafiti kwa miongo mingi kwa jinsi kilivyolisha watu wengi kwenye eneo dogo bila udongo kuchoka. Yaani ujuzi ambao mbuni unauhitaji kuliko kitu kingine, ule wa kurudishia ardhi ilichotoa, ulifika Karatu kabla ya mbuni wenyewe. Hakuna aliyewauliza.

Wajerumani wa kwanza kulima eneo hilo walikuwa ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, waliojipatia mashamba ndani ya kreta yenyewe kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Walifuga huko chini, na vita vilipokuja vikawaondoa. Mabaki ya nyumba yao yalibaki yakitazamwa na nyumbu.

Kahawa ilikuja na wimbi la pili. Ujerumani ilishindwa vita, ikapoteza koloni, na raia wake wakafukuzwa Tanganyika. Lakini katikati ya miaka ya 1920 Waingereza waliwaruhusu kurudi. Waliorudi walikuta mashamba yao ya zamani ya Kilimanjaro na Usambara yameuzwa kwa wengine. Oldeani ilikuwa bado. Ilikuwa mbali, barabara ilikuwa ya kubahatisha, nyati na tembo walikuwa wengi kuliko majirani, ila udongo ulikuwa wa volkano, mwekundu na wa kina, na ukungu ulishuka kila asubuhi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 misumeno ilianza kulia.

Majina waliyoyapa mashamba yanasema mengi kuhusu roho zao zilikokuwa. Moja liliitwa Edelweiss, jina la ua dogo jeupe la milima ya Alps. Jingine Helgoland, jina la kisiwa cha Bahari ya Kaskazini, kilekile ambacho Uingereza iliwakabidhi Wajerumani mwaka 1890 katika mkataba uliogusa pia Zanzibar. Majina hayo yapo hadi leo kwenye magunia ya kahawa, yakitamkwa kwa lafudhi ya Kiiraqw bila shida yoyote.

Nguvu ya kazi ilikuwa jambo jingine. Mwiraqw mwenye ng'ombe, mahindi na mtama hakuwa na sababu ya kuamka alfajiri kumfyekea mzungu, hivyo vibarua wengi walitoka mbali, Singida na Kondoa, wakatembea siku nyingi kutafuta fedha za kodi ya kichwa. Walifanya kazi kwa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30, na kila siku iliyokamilika ilitiwa alama. Kadi ikijaa ndipo mshahara ulipatikana, hata kama siku hizo 30 zilichukua wiki sita. Wakati wa mavuno kipimo kilikuwa debe. Na debe limeng'ang'ania. Zama za bati za mafuta ya taa zimepita, ndoo za plastiki zimeingia, lakini mchumaji wa kahawa bado anahesabiwa kwa madebe.

Sasa tazama mti wenyewe ulivyoanzishwa, kwa sababu kazi hiyo haijabadilika sana tangu siku zile.

Mbegu haikaushwi mpaka ikakakamaa kama ya mahindi. Matunda mabivu, mekundu kama damu, huchumwa kwenye miti iliyochaguliwa, humenywa kwa mkono, na punje huanikwa kivulini tu. Zikikawia miezi mingi hupoteza uhai. Huo ni ushahidi mwingine wa asili ya msituni, ambako ardhi haikauki na mbegu haina haja ya kungoja. Hupandwa kitaluni, ubavu bapa ukitazama chini, na kufunikwa nyasi. Baada ya wiki sita hadi nane kitu cha ajabu hutokea. Kijishina chembamba hunyanyuka kutoka udongoni kikiwa kimebeba punje nzima kichwani, ganda na vyote, kama askari aliyevaa kofia ya chuma. Kitalu kizima husimama gwaride. Kisha kofia hupasuka, na majani mawili ya mviringo hufunguka kama mbawa za kipepeo. Mwenye kitalu akiona hivyo huanza kupanga mifuko.

Juu ya kitalu huwekwa paa la nyasi au matawi, na kadiri mche unavyokua paa hilo hupunguzwa kidogo kidogo ili uzoee jua. Mche wa miezi minane hadi mwaka hupelekwa shambani mvua zikianza. Shimo lake huchimbwa mapema, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu ukichanganywa na samadi na kurudishwa. Nafasi iliyozoeleka kwenye mashamba ya zamani ni futi tisa kwa tisa, ambayo ni miti 1,330 hivi kwa hekta. Halafu mtu husubiri. Mwaka wa tatu ndipo hupata kitu cha kuita mavuno.

Maua ni ya siku mbili tatu. Mti hukaa na vikonyo vyake vimefunga kipindi chote cha ukavu, kisha mvua ya kwanza nzuri ikinyesha, baada ya siku chache shamba lote huwa jeupe na kunukia mfano wa asumini. Wageni hupiga picha. Mkulima huangalia mbingu, kwa sababu mvua kubwa au upepo mkali siku hizo humpunguzia madebe ya mwakani. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi minane au tisa, na kwa kuwa mvua haziji kwa mkupuo mmoja, tawi moja huwa na kijani, njano na nyekundu kwa pamoja. Ndiyo maana mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara nyingi, akichagua kwa ncha za vidole, kuanzia Julai mpaka karibu na Krismasi.

Kivuli kilileta mgogoro. Ni kweli kwamba mbuni ukiwekwa juani, ukapewa mbolea na maji, huzaa zaidi kuliko ukiwa chini ya miti. Lakini huzaa bila kiasi. Hubeba kuliko majani yake yanavyoweza kulisha, matawi hukauka kuanzia ncha, na mwaka unaofuata mti hukaa tu, umechoka. Wenye mashamba ya Afrika Mashariki walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Waliotaka kivuli wengi walichagua mgrevilea, mti mrefu wenye majani kama ya jimbi, unaokua haraka na kutoa mbao. Mgrevilea nao ni mti wa misitu ya mvua, ila ya mashariki mwa Australia. Ukisimama katikati ya shamba la Oldeani, basi, unakuta msitu wa kuungaunga: mti wa Ethiopia chini ya mti wa Australia, kwenye ardhi iliyoondolewa miti ya Oldeani.

Mwaka 1939 vita vilirudi. Wanaume wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yakaangukia mikononi mwa msimamizi wa mali za adui, ambaye aliyakodisha na baadaye kuyagawa kwa watu wengine, Waingereza na Wagiriki wakiwemo. Shamba moja lililokuwa limejengwa na Wajerumani mwaka 1929 lilinunuliwa mwaka 1948 na James Gibb, Mwingereza aliyetoka vitani. Miti ya kahawa haikujua tofauti. Ilipogolewa na mikono ileile, kwa sababu waliojua kupogoa walikuwa vibarua, nao hawakufungwa.

Msitu wa juu ulikuwa na historia yake. Serikali ya kikoloni iliuwekea mipaka kuwa msitu wa hifadhi, na Ngorongoro ilipotenganishwa na Serengeti mwaka 1959 na kupewa mamlaka yake, msitu huo uliingia ndani ya eneo la hifadhi. Hapo ndipo mstari ule wa kahawa na msitu ulipopata uzito mwingine. Upande mmoja mtu angeweza kuwa na mamia ya ekari za kahawa hadi kwenye jiwe la mpaka. Upande wa pili, kwa Mmaasai anayeishi ndani ya hifadhi, kulima hata bustani ya mahindi kulipigwa marufuku mwaka 1975, kukaruhusiwa tena 1992, kisha kukakatazwa 2009. Ni vigumu kuutazama mpaka huo na kuona mazingira peke yake. Kuna swali la nani alifika na karatasi gani, lini.

Lakini faida ya msitu kwa kahawa haina ubishi. Ukungu unaonaswa na miti ile hudondoka, huzama, na kutokea tena chini kama vijito na chemchemi. Maji hayo hulisha Karatu, mengine huteremka hadi Ziwa Manyara, na upande wa kusini-magharibi chemchemi za Qangded huko Mang'ola humwagilia vitunguu vinavyouzwa mpaka Nairobi. Kahawa ya kumenywa inahitaji maji mengi: kuendesha mashine ya kumenyea, kuchachusha punje birikani mpaka ule utelezi uachie, kisha kuzisuuza kabla ya kuzitandaza kwenye vichanja. Shamba la Oldeani bila msitu wa juu lingekuwa na matunda mekundu na mahali pa kuyaoshea hapana.

Msitu pia hudai chake. Nyati hushuka usiku. Nyani huijua siku ya tunda kuiva kuliko bwana shamba, hunyonya ule utamu wa ganda na kutema punje. Tembo hawana hamu na kahawa, ila njia zao ni za zamani kuliko mistari ya futi tisa. Karibu na maporomoko ya Endoro kuna mapango waliyoyachimba kwa pembe kutafuta udongo wa chumvi, na wakiwa safarini kwenda huko hawazunguki mche wa mtu.

Adui wakubwa, hata hivyo, ni wadogo. Kutu ya majani hutia madoa ya rangi ya chungwa nyuma ya jani mpaka jani lianguke. Chulebuni, kuvu aliyegunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922 na kuingia Tanzania katika miaka ya 1960, huozesha tunda likiwa bado bichi. Hupenda hasa baridi na unyevu, yaani hali ileile inayoifanya kahawa ya Oldeani iwe nzuri. Bourbon haikuwa na kinga. Dawa ya shaba ikawa gharama ya kudumu, na kizazi kizima cha watu wa Karatu kinaikumbuka kahawa kwa rangi ya buluu ya bomba la kunyunyizia. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934 chini ya Kilimanjaro na ambacho tangu 2001 ni makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kilichukua miaka mingi kuzalisha aina zinazostahimili magonjwa yote mawili.

Bei ikafanya ambacho chulebuni haikuweza. Mfumo ulioanza na mkataba wa kimataifa wa kahawa wa mwaka 1962, uliogawa kiasi ambacho kila nchi iliuza nje, ulivunjika Julai 1989, na bei ikaporomoka. Mwaka 2001 ilishuka chini kabisa. Mashamba kadhaa ya Karatu yaliachwa yakawa vichaka. Mengine yakageukia mahindi, ngano na ng'ombe. Mengine yaligundua kwamba nyumba ya zamani yenye bustani, dakika chache kutoka Lodoare, lango la Ngorongoro, ina thamani kuliko gunia. Akina Gibb walikuwa wameliona hilo mapema: walianza kupokea wageni mwaka 1972. Barabara ya lami ilipofika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watalii wakaanza kulala katikati ya mibuni na kunywa kahawa iliyokaangwa nyuma ya jiko. Mtaani Karatu, watu wengi waliendelea kunywa chai.

Kisha kuna kisa cha Geisha. Katika miaka ya 1930 mbegu zilikusanywa kwenye misitu ya Gesha, Ethiopia, zikapitia Kenya hadi Lyamungu, zikapewa namba na kupandwa pamoja na nyingine nyingi. Hakuna aliyezishangilia: mti ulikuwa mrefu, matawi dhaifu, mavuno kidogo. Mwaka 1953 zilipelekwa Costa Rica, na kutoka huko zikafika Panama, zikasahaulika tena. Mwaka 2004 shamba moja la Panama liliipeleka Geisha mashindanoni peke yake, bila kuichanganya na aina nyingine, ikashinda na kuvunja rekodi ya bei mnadani. Leo baadhi ya mashamba ya Karatu yameipanda. Mti uliowahi kukaa Lyamungu, mwendo wa saa chache kwa gari, ulilazimika kwenda Amerika ya Kati ili uthaminiwe Oldeani.

Kando ya miche hiyo mipya bado ipo mibuni mizee, mashina yake yamepinda na kujaa makovu ya kupogolewa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Haing'olewi. Mavuno yakiisha na masika hayajafika, mwenye msumeno hupita mstari kwa mstari na kulikata shina sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasioze kisiki. Kwa wiki kadhaa shamba huonekana kama limekufa. Kisha machipukizi hutokea kuzunguka kisiki, kumi, kumi na tano, yakisukumana. Kibarua hupiga goti na kisu, huchagua mawili au matatu yaliyoshika vizuri na kuachana nafasi, mengine huyakata na kuyalaza chini yawe matandazo, halafu huhamia kisiki kinachofuata.